Shika nywele kabla ya kushika kopo

Wazee wangu, ndugu zangu vinyozi, dada zangu wasusi, na ninyi vijana mnaomaliza mafunzo leo. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa, naomba niingie kazini.

Hapa mezani kuna glasi mbili za maji ya bomba na makopo mawili ya pomedi, ile tunayopaka nywele zilale na zishike mtindo. Karatasi za makopo nimezibandua makusudi. Nachota kwa ncha ya kijiti, kiasi cha punje ya mtama, kutoka kopo la kwanza, naitumbukiza kwenye glasi. Mlio nyuma simameni muone. Inaelea. Nakoroga. Inabaki kipande vilevile, inapanda juu, inaacha macho ya mafuta kama ya supu. Sasa kopo la pili, kiasi kilekile. Imelegea. Nikikoroga, maji yanaanza kuwa meupe, kama tui la pili. Ngojeni kidogo. Sasa hakuna kipande tena, kimekwenda chote.

Ile ya kwanza ni pomedi ya mafuta. Hii ya pili ni pomedi ya maji. Na kinachoniuma ni hiki: kopo la kwanza, ile karatasi niliyoibandua, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya maji. Nimelinunua kwa bei ya pomedi ya maji. Simtaji muuzaji, huenda hata yeye aliuziwa hivyohivyo. Lakini mteja wako hamjui muuzaji wa jumla. Anakujua wewe. Ukimwambia "hii ni ya maji" naye akaenda nyumbani akaosha mara tatu bila mafuta kutoka, jina linaloharibika ni la saluni yako. Jaribio la glasi halina gharama, na ningependa kila mmoja wenu alifanye kwa kila kopo jipya linaloingia kwenye rafu yake.

Nimesimama nyuma ya kiti cha kunyolea miaka 26. Mteja akikaa, wengi wetu mkono wa kwanza unakwenda kwenye rafu. Nimeitwa hapa niseme juu ya kuchagua pomedi ya maji kwa nywele za aina mbalimbali, na nitasema, lakini ninachoomba mwondoke nacho ni kwamba mkono wa kwanza uende kwenye nywele. Zishike zikiwa kavu, kisha zishike zikiwa na maji. Hapo utajua umpake nini, na mara nyingine utajua usimpake kitu.

Hili nimelijua kwa kumkosea mtu. Mwaka wangu wa tatu kazini alikuja kijana wa gereji, miaka 19, nywele za kipilipili zilizokatwa chini, akitaka mawimbi kama aliyoyaona kwa wachezaji wa Marekani. Nikampaka mafuta mazito ya kopo, nikamwuzia na kopo, nikamwambia apake kila siku asubuhi na jioni, afunge kitambaa. Mawimbi yalikuja. Baada ya miezi miwili vikaja na vipele, vidogovidogo, vimejipanga kwenye paji la uso na kwenye panja zote mbili. Nikamwambia ni ujana, ni chips, vitaisha. Siku moja mama yake alikuja saluni. Hakupiga kelele. Alimkalisha kijana kwenye kiti changu, akaniambia, "Mwanangu, hebu pitisha kidole hapa." Nikapitisha kidole kwenye paji la uso la yule kijana. Kiling'aa. "Sasa hayo mafuta yameshuka toka wapi?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuwepo, na lilikuwepo kabla sijazaliwa. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi Plewig, Fulton na Kligman waliandika katika jarida la udaktari la Marekani juu ya ugonjwa waliouita chunusi za pomedi: vipele vya paji la uso na panja kwa watu wanaopaka nywele mafuta mazito. Mafuta hayabaki kwenye nywele. Jua likiwaka yanalegea, yanateremka na jasho, yanaziba vinyweleo vya ngozi. Kijana wangu aliacha lile kopo na vipele vikapungua taratibu. Mama yake hakunidai chochote. Mimi ndiye niliyeanza kutafuta, kopo baada ya kopo, kitu kitakacholaza nywele bila kuichafua ngozi.

Lakini msinielewe kwamba nawadharau waliotutangulia. Mafuta yana historia ndefu kuliko sisi. Neno pomedi limetoka kwa Wafaransa, pommade, na asili yake ni neno la Kilatini la tunda, kwa sababu marhamu ya zamani yalitiwa matufaha. Ulaya ya karne ya 18 na ya 19 walitumia mafuta ya nguruwe, hata ya dubu. Uingereza ya Malkia Victoria wanaume walijipaka mafuta yaliyoitwa Macassar, kwa jina la bandari ya Makassar huko Sulawesi, na yalichafua migongo ya viti kiasi kwamba wenye nyumba wakatandika vitambaa vya kukinga, vikaitwa antimacassar. Kile kitambaa cha kufuma kwenye kochi la bibi yako Tanga au Bukoba, ukikitazama, unamtazama ndugu yake kitambaa kile. Mwaka 1872 Robert Chesebrough alipewa hataza Marekani kwa mafuta ya mgando aliyoyapa jina Vaseline, yanayotokana na mafuta ghafi. Na miaka ya 1920 huko Chicago kinyozi Mweusi, C. D. Murray, alianza kuuza pomedi nzito ambayo mpaka leo iko madukani na jina lake. Hawa walikuwa wanajibu shida halisi. Nywele kavu zinahitaji kitu cha kuufungia unyevu, na mgando unafunga kwelikweli. Shida ni kwamba unafunga kila kitu, hata vumbi la Kariakoo.

Sasa pomedi ya maji inafanyaje kazi? Humo ndani maji ndiye mwenye nyumba. Kuna mafuta kidogo au nta kidogo, na kuna viunganishi, vitu vya ukoo wa sabuni: mkono mmoja umeshika mafuta, mkono mwingine umeshika maji, ndiyo maana tui lile limetokea kwenye glasi. Kimojawapo kinachotumika sana kinatokana na mafuta ya nyonyo. Halafu kuna gliserini, ile inayovuta unyevu. Halafu, katika nyingi, kuna polima, kwa mfano ile inayoandikwa PVP kwenye kopo, iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1930. Polima ikikauka inaacha utando mwembamba unaoushikiza unywele huu kwa ule.

Hapo ndipo pomedi za maji zinapogawanyika, na wauzaji hawawaambii. Kuna zinazokauka na zisizokauka. Zinazokauka zina polima nyingi, zinashika kwa nguvu, zinakaribiana na jeli. Zisizokauka zinategemea nta na viunganishi, zinabaki laini siku nzima, unaweza kupitisha chanuo jioni ukapanga upya. Makopo yote mawili yataandikwa "ya maji" na yote mawili yatakuwa yamesema kweli. Kuyatofautisha, paka kidogo mgongoni mwa mkono wako, acha likauke, kisha kunja ngumi. Pakipasuka na kutoa ungaunga mweupe, hiyo ni ya kukauka. Pakibaki panateleza, ni laini.

Na kuna jambo moja la maji lenyewe. Ndani ya unywele kuna viungo vidogo sana, havionekani, vinavyoufanya ukae na umbo lake. Maji yanavilegeza. Unywele ukikauka, vinashikana upya katika umbo utakalokuwa umeukausha nalo. Kila mama aliyefunga mabutu usiku akayafungua asubuhi anaijua habari hii kwa mikono yake. Kwa hiyo pomedi ya maji inafanya kazi mbili: inapanga nywele wakati viungo vimelegea, kisha inazilinda zisivurugike vinapokauka. Ndiyo maana namna ya kuipaka ina uzito kuliko kopo ulilonunua. Ukiipaka kwenye nywele kavu kabisa umetupa nusu ya kazi yake.

Nianze na nywele zetu, nywele za kipilipili, maana ndizo zinazokaa kwenye viti vyetu na ndizo ambazo makopo mengi ya kutoka nje hayakutengenezwa kwa ajili yake.

Unywele wa kipilipili unatoka kwenye kinyweleo kilichopinda. Ukiukata na kuutazama kwa hadubini, mkato wake si duara, umebapa. Mafuta ya asili yanayotoka kichwani yanateremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka. Kwenye unywele uliojisokota kama chemchemi ya kalamu yanakwama njiani. Kwa hiyo ngozi inaweza kuwa na mafuta huku ncha za nywele zimekauka kama makuti. Na kila kona ya msokoto ni mahali unywele unapoweza kukatikia ukivutwa. Watu wanasema nywele zetu ni ngumu. Ndugu zangu, si ngumu, ni dhaifu kuliko zote mtakazoshika, na zinastahili upole kuliko zote.

Basi kwa kipilipili usichague pomedi ya kukauka yenye nguvu ya mwisho. Itashika, ndiyo, mteja atatoka ameridhika. Kesho asubuhi atapitisha chanuo kwenye ganda lile, na utaona kwenye meno ya chanuo vipande vifupi vya nywele pamoja na ungaunga. Atadhani ana mba. Chagua ile laini, yenye krimu krimu, ya nguvu ya kati, ambayo kwenye orodha yake baada ya maji kuna gliserini na mafuta kama ya nyonyo, nazi au shea.

Namna ya kupaka. Chukua chupa ya kunyunyizia maji. Nyunyiza mpaka unywele unalainika mkononi lakini haudondoshi matone. Ukibana kishungi kwa vidole kiganja kinapata unyevu, basi. Kwa nywele zilizokatwa chini, pomedi kiasi cha punje ya kunde inatosha kichwa kizima. Kwa afro ya urefu wa kidole, mara tatu ya hapo, lakini kwa awamu, usimwage yote kwa pamoja. Sugua viganja mpaka usiione tena, mpaka uisikie joto. Anzia kisogoni, si mbele, kwa sababu pale mkono unapogusa kwanza ndipo pomedi nyingi inapobaki, na mbele ndipo paji la uso lilipo. Paka nywele. Nasema tena: paka nywele, acha ngozi. Sisi tumelelewa kwa kupakwa mafuta kwenye ngozi ya kichwa, mstari kwa mstari, tukiwa tumekaa katikati ya magoti ya mama, na ni kumbukumbu nzuri sana. Lakini pomedi si mafuta yale, na kichwa chenye mba kikizibwa hivyo kinazidi kuwasha.

Anayetaka mawimbi, piga brashi kuanzia utosini kwenda chini kufuata nywele zinakoota, kisha funga kitambaa mpaka zikauke. Uzuri wa pomedi ya maji ni kwamba kesho yake hahitaji kuongeza. Ananyunyiza maji, ile ya jana inaamka, anapiga brashi. Hapo kopo la miezi miwili linaweza kukaa mitatu. Hili mwambieni mteja hata kama mtauza makopo machache. Atarudi kwenu kunyoa.

Dada zangu wasusi, ninyi nina neno nanyi hapa. Mtindo wa kulaza nywele za mbele kwa kibrashi na pomedi kali, kila siku, juu ya nywele ambazo tayari mmezibana kwa nguvu: nawaona mabinti wa miaka 20 ambao nywele za panja zimerudi nyuma vidole viwili. Kopo pekee halifanyi hivyo. Mbano unavuta, pomedi ya kukauka inagandisha ule mvuto, kibrashi kinamalizia. Mpeni laini, mwambieni aioshe jioni kwa maji tu, na siku mbili katika juma aziache nywele zake zipumzike. Binti akishaanza kupoteza zile za mbele, si zote zinazorudi.

Nywele za singa ni habari nyingine. Hapa pwani tunao wateja wengi: wenye asili ya Kihindi, Kiarabu, Kisomali, na machotara wa kila namna. Singa nyembamba inalemewa upesi. Kiasi cha kunde ambacho kwenye kipilipili kilipotea, kwenye singa nyembamba kitamfanya mtu aonekane ametoka mvuani. Kausha kwa taulo mpaka ibaki na unyevu wa mbali, paka nusu ya kunde, chagua isiyong'aa sana na yenye nguvu ya kukauka, kwa sababu hii haina msokoto wa kujishikilia yenyewe. Singa nene, kama ya jamaa wengi wa Kichina wanaokuja siku hizi, ina ukaidi wake: inasimama kama brashi. Hiyo usiishinde kwa kuongeza pomedi. Ipulizie mashine ya kukaushia ikiwa na maji, uielekeze unakotaka ilale, halafu pomedi kali ije kulinda kazi ambayo joto limeshaifanya.

Nywele za mawimbi ya asili, ambazo si singa wala si kipilipili, zinafurahia vidole kuliko kitana. Pomedi laini ya nguvu ya kati, nywele zikiwa na maji, kunja kwa kiganja, achia. Ukizichana zikishaanza kukauka utapata wingu.

Zilizowekwa dawa, na za kalikiti, ziguseni kama kitambaa cha hariri kilichozeeka. Dawa imeshavunja sehemu ya nguvu ya unywele, na haitarudi mpaka ukue mwingine. Hakuna pomedi ya kukauka hapo. Kabla ya chanuo, maji.

Mzee mwenye nywele zilizopungua utosini anakuja na anaomba zing'ae. Nawaomba mwambieni ukweli kwa heshima: kinachong'aa kinakusanya nywele kuwa vifungu, na katikati ya vifungu ngozi inaonekana. Mpe isiyong'aa, kiasi kidogo kabisa, zikiwa karibu kukauka, atakuja kuwashukuru. Mvi nazo zinataka pomedi isiyo na rangi. Ya manjano au ya kahawia inaweza kuacha kivuli juu ya weupe ule, na mzee aliyezilea mvi zake hapendi. Dredi, msizitie chochote chenye nta, iwe ya maji au ya mafuta. Nta inaingia ndani ya dredi na kutoka ni kazi ya miezi.

Sasa hali ya hewa, kwa sababu kopo linalosifiwa Iringa linaweza kukuaibisha Dar es Salaam. Gliserini inavuta unyevu kutoka mahali ulipo. Hapa pwani, Unguja, Mombasa, mwezi wa tatu, hewa yenyewe imejaa maji. Pomedi yenye gliserini nyingi itafanya nywele zilainike na kunata, na zile za mawimbi zitafumuka kabla ya adhuhuri. Chagua yenye gliserini iliyo mbali zaidi kwenye orodha. Dodoma wakati wa kiangazi, upepo mkavu, hewa haina cha kutoa. Hapo mpe mteja maji kwanza, pomedi, na tone la mafuta mepesi juu yake lifunge unyevu usitoroke.

Na tuseme wazi udhaifu wake. Pomedi ya maji inaondoka na maji, hiyo ni sifa yake na ndiyo shida yake. Mvua ikimkuta mteja, imekwenda. Dereva wa bodaboda anavaa kofia ngumu kutwa nzima, jasho linatiririka, na pomedi iliyoyeyuka ikiingia machoni inawasha akiwa barabarani. Huyo kijana msimwuzie nguvu. Mkatieni nywele fupi zisizohitaji kulazwa, mpeni chanuo dogo la mfukoni. Mvuvi vilevile. Hili ndilo nililokuwa nasema kwamba mara nyingine jibu sahihi ni kutompaka kitu.

Kwa upande mwingine, wateja wangu wengi Waislamu wanaipenda kwa sababu ya udhu na josho. Wanataka maji yafike kwenye nywele bila tabaka la mafuta katikati. Hukumu za dini waulizeni masheikh, mimi ni kinyozi. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu anayepangusa kichwa kwa mkono wenye maji mara tano kwa siku, na kila mara anazilaza nywele zake upya kwa mkono uleule. Huyo mpe ile isiyokauka. Yenye polima nyingi, ikiloweshwa na kukauka mara tano, ikichanwa katikati inatoa unga, na kola yake nyeusi itakuwa na theluji ifikapo magharibi.

Kusafisha, wenzangu mnaofanya kazi kwenye visima vya maji ya chumvi mnanielewa. Sabuni haitoi povu, unamwosha mteja wa mafuta ya mgando ndoo mbili na bado kichwa kinateleza. Pomedi ya maji inatoka kwa maji na vidole, nusu ndoo. Mahali ambapo maji yanakuja kwa siku mbili katika juma, hiyo nusu ndoo si jambo dogo.

Kuhusu kusoma kopo, someni orodha ya viungo iliyo nyuma, si majina makubwa ya mbele. Viungo huandikwa kwa wingi wake, kinachozidi ndicho cha kwanza. Ukiona aqua mwanzoni, hilo ni maji. Ukiona petrolatum au paraffinum liquidum mwanzoni, hayo ni mafuta, hata kama mbele pamechorwa tone la maji la bluu. Cera alba ni nta ya nyuki. Tanzania Bara, tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Kopo lisiloonyesha mtengenezaji, viungo wala tarehe ya mwisho lisikae kwenye rafu yenu hata mkipewa bure.

Na kwa kuwa ndani kuna maji, vijidudu vinaweza kuishi humo. Mtengenezaji anatia vihifadhi kwa sababu hiyo. Basi naomba jambo ambalo nimeliona kwenye saluni nyingi likome: pomedi ikipungua, mtu anaongeza maji ya bomba, anakoroga. Umekwisha kukizidi nguvu kihifadhi. Baada ya siku kadhaa utasikia harufu ya uchachu, na umempaka mtu. Ikikauka kwa kuachwa wazi, itupe. Funika kopo kila unapochota, liweke mbali na dirisha. Na msichote kwa vidole vilivyotoka kwenye kichwa cha mteja mwingine. Mapunye hayaulizi kopo ni la bei gani. Kijiko kidogo cha plastiki, kinaoshwa, kinakaushwa, kinarudi kwenye glasi yake. Mtoto wa miaka sita aliyeletwa na baba yake kunyolewa kwa ajili ya shule hana uwezo wa kukukataza. Wewe ndiye wa kumlinda.

Muda niliopewa unaisha, na maneno hayafundishi mikono. Yule kijana wa shati la bluu, mstari wa pili, ambaye nilimwomba asinyoe juma hili, njoo ukae hapa kitini. Leteni beseni, taulo na chupa ya kunyunyizia. Ninyi mnaomaliza leo piteni mmoja mmoja, mikono mitupu, mzishike nywele zake zikiwa kavu hivi zilivyo. Tukimaliza tutazilowesha, na mtapita tena. Kila mmoja aniambie sikioni amesikia nini kwenye vidole vyake. Makopo yatabaki hapa mezani yamefunikwa mpaka wa mwisho awe amepita.